Mpira wa juu wa rejeta umepasuka, Hiace 3L, nibadilishe mmoja au yote?

kipanya_cha_ligula

Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada kwa wenye uzoefu na Hiace za zamani. Nna Hiace ya dizeli injini 3L, bodi ya miaka ya tisini, nimeinunua mwaka jana kwa mzee mmoja alikuwa anapiga nayo ruti ya Mtwara Tandahimba. Niko Mtwara mjini.

Jumamosi tulikuwa tunaenda msibani Ndanda, watu 14 na masufuria yao, tumetoka Mnazi Mmoja vizuri, Mtama tumepita, tumeiacha Nyangao kidogo tu nikasikia PUU chini ya kiti kama tairi limepasuka, mara mvuke unatoka kwenye miguu ya waliokaa mbele, shangazi yangu akapiga kelele gari inaungua huyo akaruka na kiatu kimoja. Kuinua kiti kumbe mpira wa juu wa rejeta umechanika mpasuo wa kidole kizima karibu na klipu ya upande wa injini. Bahati mshale wa joto ulikuwa haujafika kwenye nyekundu nikazima hapo hapo.

Tulikaa karibu saa nzima ipoe, kijana mmoja wa baiskeli akatuuzia tyubu chakavu, nikaikata utepe nikauzungushia mpira nikakaza na waya, maji tukachanga vidumu vya kunywa vya abiria, hao tukaenda mdogo mdogo na mfuniko wa rejeta nimeulegeza. Tumefika wameshazika.

Sasa maswali. Fundi wa hapa mtaani anasema kuna mpira wa kuuzwa kwa mita, anaukata anaukunja anaweka, kazi imeisha. Dukani wananiambia wenye umbo lake mpaka waagize Dar. Nichukue upi? Na je nibadilishe huo mmoja au na wa chini na vile vidogo vidogo, mana kwa macho naviona vizima tu.

Halafu kuna kitu kingine sijui kama kinahusiana, asubuhi kabla sijawasha nikiinua kiti nakuta ule mpira wa juu umenywea, umebonyea katikati kama chupa ya maji uliyoinyonya. Nikifungua mfuniko unavuta hewa fyuuu halafu unarudi kuwa mnene. Fundi kasema ni mpira umechoka umelegea.

dereva_mstaafu_lindi

Pole na msiba mdogo wangu. Badilisha yote usijiulize mara mbili. Mpira wa juu na wa chini vimezaliwa siku moja, vimekunywa maji yale yale, mmoja akifa mwenzie yuko njiani. Mi nimeendesha magari ya abiria Lindi Masasi miaka mingi, kilichonifundisha adabu ni kubadilisha wa juu nikajiona mjanja nimeokoa hela, wiki ya tatu ukapasuka wa chini napandisha Newala na watu wamejaa. Na wa chini ukipasuka sio sawa na wa juu, maji yote yanakwisha dakika moja, halafu geji inakudanganya kwa sababu ile sensa ikibaki kwenye mvuke bila maji mshale unaweza ukashuka, we unafurahi gari imepoa kumbe hedi, kile kichwa cha injini, inajipika.

Kuhusu mpira wa mita, akusogelee na huo mpira mpige na viatu.

korosho_kavu

Mzee shikamoo, lakini hapo kwenye kubadilisha yote mi nakupinga kidogo. Ile mipira iliyokuja na gari toka Japani mingine ina miaka 20 na bado inapumua kuliko mipya ya siku hizi. Nilishawahi kutoa wa zamani mzima nikaweka mpya wa bei rahisi, haukumaliza msimu mmoja wa korosho ukavimba tumbo. Nikaenda kuokota ule wa zamani kwenye banda la kuku nikaurudisha, mpaka leo unadunda.

Kwa hiyo kwanza kagua. Injini ikiwa baridi kabisa, minya kila mpira kwa vidole, hasa kule mwisho karibu na klipu. Mpira mzima unabonyea kidogo unarudi. Ukiwa mgumu kama plastiki umeungua. Ukiwa laini tepetepe kama embe lililoiva umeliwa na oili. Ukiminya ukasikia kitu kinavunjika vunjika ndani kama unasaga karanga, huo toa leo leo hata kama nje unang'aa.

dereva_mstaafu_lindi

Marahaba. Ila banda la kuku?!

fundi_wa_mikindani

Kipanya, soma vizuri aya yako ya mwisho, hapo ndo kuna ugonjwa, huko kwingine ni matokeo. Watu wanabishana mpira, mpira sio mkosaji wa kwanza.

Mfuniko wa rejeta una vali mbili. Ile kubwa yenye springi inazuia presha, maji yakichemka yakatanuka yanaisukuma, yanapitia kwenye kamrija kembamba yanaenda kwenye ile chupa ya akiba. Halafu kuna kavali kadogo katikati kama kifungo cha shati, kenyewe kanafanya kazi usiku. Injini ikipoa maji yanasinyaa, ndani kunakuwa hakuna kitu, kale kavali kanafunguka maji yanavutwa kutoka kwenye chupa yanarudi. Sasa kakiganda kwa kutu, au kamrija kakiziba, ile nguvu ya kuvuta haina pa kupumulia, inakwenda kuubonyeza mpira ulio dhaifu kuliko wenzie. Ndo huo unaoukuta asubuhi umenywea. Kila siku unakunjwa usiku unatanuliwa mchana, unakunjwa unatanuliwa, hata ungekuwa wa chuma ungekatika. Ukiweka mpira mpya wa laki moja ukaacha hivyo, utarudi hapa kabla ya Krismasi.

Kwa hiyo fanya hivi. Gari ikiwa baridi toa mfuniko, ugeuze, kale kakifungo kavute kwa kucha. Katoke kidogo kisha karudi tap. Kakikataa, tupa. Angalia na raba ya mfuniko kama imepasuka. Juu yake soma namba, nyingi za Toyota zimeandikwa 0.9. Hiyo ni presha, na ndiyo inayofanya maji yasichemke kwenye 100 bali yavumilie mpaka 118, 119 hivi. Usije ukawekewa mfuniko wa 1.1 au zaidi wa gari nyingine eti umekaa sawa kwenye shingo, utakuwa unaongeza presha kwenye mipira ya kizee. Ukimaliza mfuniko fuata kale kamrija mpaka mwisho wake uone kanaishia wapi. Nasema uone, usikisie. Nimeshakuta kamejaa tope la nyigu, nimeshakuta kamekatika kananing'inia tu kanavuta upepo.

Sasa tuje kwenye mipira. Huo uliopasuka usiutupe, uchane kwa urefu kwa wembe uangalie ndani. Utaona mipasuko inafuatana na urefu wa mpira, mingi iko kule karibu na klipu. Mipira hii inafia ndani wakati nje inapendeza. Chuma, aluminiamu na maji machafu vikikaa pamoja vinatengeneza umeme mdogo kama wa betri, ule unakula raba kutokea ndani mpaka unafika kwenye nyuzi, nyuzi zikishika maji zinaoza, siku ukiongeza mzigo puu. Anayejaza maji ya bomba au ya kisima cha chumvi mwaka mzima bila kulanti (ile dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji) anaharakisha hiyo kazi. Adui wa pili ni oili. Raba ya hii mipira inavumilia joto na maji vizuri tu ila haipatani na oili wala dizeli, na hizi 3L za kizee zinavuja kwenye taped kava, ule mfuniko wa juu ya injini, zinadondokea mpira wa chini. Ukikuta wa chini umelainika, ziba kwanza uvujaji.

Mpira wa mita, hapana. Mpira wenye umbo lake umepikwa ukiwa umepinda, kona zake hazibani. Wa mita ukiukunja unavunjika kiuno kama hospaipu ya kumwagilia bustani, maji yanapita nusu, na muda wote unavuta shingo ya rejeta. Rejeta hizi juu ni plastiki, ikishazeeka ukiivuta inapasuka. Wa mita ni wa kwenda nao nyumbani siku umekwama Nanganga.

kipanya_cha_ligula

Fundi asante sana sana, hapo kwenye kavali umenifungua macho. Maswali mawili. Moja, kuna mtu kanishauri nitoe thamostati (ile vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto) kabisa kwa kuwa Mtwara joto. Mbili, leo nimelala chini nimekuta kuna mipira mingine miwili inakwenda nyuma kabisa chini ya sakafu, inaingia kwenye vyuma vina kutu mpaka vinamenyeka, ni ya nini? Mzee aliyeniuzia hapokei simu 😅

korosho_kavu

Hiyo ya nyuma ni ya hita ya abiria mkuu. Wajapani wana theluji. Sisi huku tunatembea na hita chini ya makalio toka Mtwara mpaka Dar bila kujua.

fundi_wa_mikindani

Korosho kasema kweli. Hiace nyingi na Noah zilizotoka Japani zina hita mbili, ya mbele na ya nyuma, maji yale yale ya injini yanazunguka mpaka kule nyuma kwa mabomba ya chuma chini ya sakafu. Kwa hewa ya chumvi ya huku mabomba hayo yanaoza, na yakitoboka maji yanadondoka barabarani nyuma ya miguu yako huoni chochote, kila asubuhi unaongeza maji unalaumu wota pampu. Ya nyuma ikate. Lakini kukata sio kuziba kwa kipande cha mti kama wanavyofanya wengine, mti unaoza unatoka. Tafuta pale mbele inapogawanyika, ondoa ile tawi ya kwenda nyuma, unganisha kwa kipande cha mpira wa hita, maji yaendelee kuzunguka. Mipira mingi ya hita ni ya milimita 16 kwa ndani, ila pima bomba lako kwanza usije ukalazimisha wa saizi nyingine kwa kukaza klipu. Na uwe mpira wa hita kweli, sio wa gesi wala wa kumwagilia maji, huo unalainika siku ya kwanza.

Ya mbele iache. Najua hakuna mtu anawasha hita Mtwara, lakini siku gari inaanza kupanda joto kwenye mlima, fungua hita mpaka mwisho na feni yake, vioo shusha, utatokwa jasho kama uko kwenye tanuri la mkate lakini lile joto linatoka kwenye injini. Imeshaniokoa.

Thamostati usitoe. Nyingine zimetengenezwa hivi, ikifunguka upande wa rejeta inaziba njia ya mkato kwa upande wa pili. Ukiitoa ile njia ya mkato inabaki wazi, maji mengine yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, ulitaka baridi unapata joto. Na dizeli ikifanya kazi baridi inakula mafuta. Ukiitilia shaka itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, uwashe jiko, uiangalie. Kabla maji hayajatokota inatakiwa iwe imefunguka. Mke wako asijue sufuria gani.

mama_spea_masasi

Mi nauza spea naomba nichangie kwenye kununua mana hapo ndo mnapigwa.

Kaka usiende dukani ukasema "nataka mpira wa rejeta Hiace 3L" ukakaa kusubiri. Ziko bodi fupi na ndefu, ziko za gia ya mkono na otomatiki, mipira inafanana ukiiona mezani ikifika kwenye gari inapishana vidole viwili. Njoo na wa zamani hata kama umechanika, na upige picha kile kibati cha chasisi. Namba za Toyota za mpira wa juu zinaanzia na 16571, wa chini 16572, halafu zinafuata tarakimu tano ambazo ndo zinatofautisha injini na bodi. Mpira wa zamani ukiufuta vumbi kwa kitambaa chenye maji namba mara nyingi bado inasomeka. Hiyo ukimtumia mtu wa Gerezani Kariakoo hana pa kukudanganya, anapakia kwenye basi asubuhi jioni uko nao Mtwara.

Ukiupokea angalia kule ulikokatwa, utaona nyuzi katikati ya raba. Usipoona nyuzi rudisha. Unene uwe sawa pande zote, kuna mingine upande mmoja mnene mwingine kama karatasi, hiyo ndo inavimba tumbo kama ya huyo kaka wa banda la kuku. Na msichukue ule uliotundikwa mlangoni mwa duka. Tunautundika mtuone tuna mali, lakini jua limeshaupika miezi. Mwambie akutolee wa ndani. (Wenzangu wa dukani mnisamehe.)

Klipu nunua mpya. Wengi mnanunua mpira elfu kadhaa mnakuja kuubana na klipu ya kutu mliyookota.

dereva_mstaafu_lindi

Mama umesema kweli tupu. Kijana, ukija kufunga usiuchokonoe mpira wa zamani kwa bisibisi ili utoke, utakwangua ile shingo ya aluminiamu ya upande wa injini na hapo patavuja milele. Uchane kwa wembe uumenye kama muwa. Shingo ipige msasa laini uondoe ule ukoko mweupe. Mpira mpya ukikataa kuingia ulainishe kwa maji ya sabuni au kulanti, sio grisi. Klipu ikae nyuma ya kile kinundu cha shingo, sio juu yake na sio mwisho kabisa wa mpira. Zile klipu za springi zilizokuja na gari kama bado zina nguvu zirudishe hizo hizo, zinafuata mpira ukitanuka na ukisinyaa. Za kukaza na bisibisi kaza mpaka raba ianze kuchungulia kidogo basi, ukizidisha zinaikata. Tembea siku moja, ipoe, kaza tena robo.

kipanya_cha_ligula

Wakuu narudisha mrejesho, mtacheka.

Mipira imekuja jana toka Dar, wa juu na wa chini, nimefuata ushauri wa mzee, ila wa chini wa zamani nimeupima kwa mtindo wa kusaga karanga na kweli umesikika kra kra kwa hiyo korosho_kavu naomba usinilaumu. Ule uliopasuka nimeuchana, ndani ni kama tope la mbuga wakati wa kiangazi, nyufa nyufa, na nyuzi zimekuwa nyeusi.

Sasa mfuniko. Namba 0.9, kavali nimekavuta kanarudi tap, safi kabisa. Nikasema fundi leo kakosea. Nikakumbuka neno lako usikisie, nikafuata kale kamrija, kanashuka nyuma ya rejeta, kanapita kona, kamefungwa na waya kwenye bodi, na mwishoni kabisa kamechomekwa BOLTI. Bolti ya spana namba kumi, imekazwa na klipu kabisa. Chupa ya akiba haipo. Mzee wa Tandahimba chupa ilivunjika akaona asipate shida.

Kwa hiyo gari mwaka mzima ilikuwa haipumui usiku wala mchana, ndo mana mpira ulipasuka pale pale tulipojaza watu. Na mimi nilikuwa nashangaa kwa nini chini ya hiyo gari hakudondoki tone la maji, nilikuwa nawasifia watu eti injini kavu.

Fundi nifanye nini na chupa, nimekosa ya Hiace hapa mjini.

fundi_wa_mikindani

😂😂 Haki ya Mungu bolti sikuiwaza.

Chupa ya akiba ya gari yoyote itafaa, haina presha ile, chukua hata ya Corolla kwa wauza mitumba ilimradi ifungwe vizuri isiguse feni. Usiweke chupa ya maji ya kunywa, ikimwagiwa maji ya moto inajikunja. Kamrija kanunue kapya, kale kamekaa na bolti mwaka kameshatanuka mdomo. Kazamishe mpaka karibu na chini ya chupa, kakiishia juu ya maji usiku katavuta hewa badala ya maji utakuwa umerudi mwanzo. Maji weka kati ya ile alama ya chini na ya juu, usijaze, yanayopanda yanahitaji nafasi.

Kutoa hewa: paki pua ya gari iangalie juu, hata kale kamwinuko ka kutoka Mikindani kanatosha, hita ya mbele weka kwenye moto, mfuniko wazi, washa taratibu, jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Utaona inashuka ghafla thamostati ikifunguka, ongeza, mapovu yakiisha funga. Pima uliyomwaga na uliyorudisha, ikipungua lita mbili ujue hewa bado imo. Mapovu yasipoisha kabisa hata nusu saa, na mpira ukawa mgumu dakika ya kwanza tu injini ikiwa bado baridi, usiende popote, njoo tuangalie gasketi ya hedi, mana kwa presha ile ya bolti siwezi kukuahidi kitu.

kipanya_cha_ligula

Mapovu yameisha kama dakika 20 hivi. Leo asubuhi nimeinua kiti, mpira mnene kama mtoto wa benki, na kwenye chupa maji yameshuka kidogo toka jana usiku.

fundi_wa_mikindani

Hapo yamevutwa. Angalia tena keshokutwa.

korosho_kavu

Hiyo bolti usitupe, ya sahani ya namba ya nyuma nimepoteza moja na ni ya spana kumi hiyo hiyo.